Daftari la Jenereta

Miaka kumi na minne naandika.
Tarehe. Saa ya kuwasha. Saa ya kuzima. Lita.
Hakuna aliyelifungua daftari hili
mpaka Jumanne alipokuja Nyemo, wa mwaka wa tatu,
miwani imejaa vumbi jekundu:
"Mzee Ndahani, natafuta moshi wa chuo."

Nikacheka. Moshi!
Kwa upepo huu wa Dodoma?
"Uko hapa," akasema,
kidole juu ya safu ya lita.

Basi tukahesabu. Yeye anazidisha,
mimi nalowesha kidole, nafunua.
Siku ya mahafali, mia mbili na kumi.
Siku ya kutia saini ahadi ya hewa safi
umeme ulikatika saa nne, wageni wakaona joto,
nikawasha.
Tisini na sita.
Mwandiko ni wangu, siukani.

Na hapo hatujagusa jikoni,
magunia ya mkaa yashukayo kutoka Chenene,
wala yale magari yanayonguruma kivulini
yakimsubiri mtu aliyeko kikaoni.

Miche mia tano waliyopanda siku ile
imebaki saba.
Naijua mmoja mmoja; jioni huinywesha
maji yaliyooshea masufuria.

Nyemo alipoondoka nilichukua rula,
nikachora safu ya tano.
Sikujua niipe jina gani.
Nikaandika: *Kwa ajili ya nini.*

Leo. Saa mbili usiku hadi saa tatu na robo.
Lita kumi na nane.
Taa za ukumbi. Ukumbi mtupu.