Namba Arobaini na Saba

Mnada wa pili wa korosho ulipolipa, nilinunua simu.
Ya mtumba, kioo kina ufa
kama mto Ruvuma kwenye ramani ya shule,
lakini inashika mtandao ukisimama kando ya tangi la maji,
hapa Kitangari, simu ikitazama Newala.

Wenzangu walijaza zao picha za wachezaji.
Mimi nilikuwa na moto.
Moto wa alfajiri, choo cha nyuma,
kiganja kwenye ukuta wa udongo, nikihesabu hadi ishirini
huku mama akiita: Fadhili, uji unapoa.

Nilikwenda duka la dawa kwa Likwata.
Mbele yangu watu watatu,
nyuma yangu maalimu aliyenifundisha alifu.
"Dawa ya nini, kijana?" Sauti ya mnadani.
Nikasema, ya kichwa.
Nikauziwa vidonge kumi vya kichwa.
Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa.

Jandoni tulifundishwa kustahi wakubwa,
na kisu kikipita, usilie.
Sikulia.
Hakuna aliyetuambia
ukiumwa miaka kumi baadaye, mahali palepale,
umlilie nani.

Tangazo lilikuwa mlangoni pa ghala la chama,
chini ya bei ya kilo:
Andika usichoweza kusema.
Nilisoma bei mara nne
ili macho yangu yaibe mstari wa chini.

Nikaishusha hiyo apu kwa bando la shilingi mia tano,
nikaificha pamoja na mikeka ya kubeti.
Mama akiifuma atasema mwanawe mcheza kamari.
Afadhali kamari.

Iliniuliza bila kukohoa.
Una miaka mingapi? Kumi na tisa.
Unasumbuliwa na nini?
Nikaandika homa, nikafuta.
Nikaandika mgongo, nikafuta.
Chaji imebaki asilimia sita.
Nikaandika: moto.
Ikajibu:
Ukikojoa?

Neno zima, halijavaa chochote.
Nilicheka peke yangu pale tangini
hata mbuzi akageuka.

Alhamisi, saa tisa, mlango wa nyuma wa zahanati.
Wewe ni namba arobaini na saba. Jina liache nyumbani.

Nikaliacha.
Mlango ukafunguliwa, na aliyeufungua
ni Sista Batuli,
ambaye shamba lake na letu vinagawana mpaka,
ambaye juzi tu aliazima chujio letu la nazi.
Miguu yangu ilishageuka, mimi bado.
Alitazama karatasi, hakutazama uso.
"Arobaini na saba. Karibu, keti."

Sindano moja. Vidonge kwenye bahasha ya kaki.
Kisha akasema, tukiwa tumeshafika, tupime na damu?
Dakika kumi na tano.
Niliwahi kushona magunia hamsini usiku mmoja,
usiku ule ulikuwa mfupi.
Majibu ni yangu. Simpi mtu,
hata wewe unayesoma.

Jumamosi tulikutana njiani, ndoo kichwani kwake.
"Fadhili! Mama hajambo?
Mwambie chujio nakuja nalo."
Hakupunguza mwendo. Hakukonyeza. Hakuhurumia.
Maji hayakumwagika hata tone.
Nilisimama nikamtazama hadi kona,
nikajua simu ilinifikisha mlangoni tu.

Jioni ikaniuliza tena, ile apu:
Mwenzako ameshajua?
Bonyeza hapa, tutamtumia ujumbe usio na jina lako.

Sasa nitabonyeza nini?
Somoe hana simu.
Hutumia ya kaka yake, baada ya magharibi,
spika wazi, nyumba nzima ikitoa salamu.

Kwa hiyo nimetembea.
Nimepita ghala, nimepita kwa Likwata,
nimefika mikorosho yao ya kwanza.
Namwona anaokota, ndoo ya plastiki, kanga imefungwa kiunoni.
Nimezima simu.
Neno nimelibeba mdomoni,
halijavaa chochote.