Jino la Thelathini

Chuoni tulijifunza kwa kichwa cha plastiki.
Hakikumeza mate. Hakikushika mkono wangu.
Ukikosea, unalegeza skrubu,
unatia jino jingine, unakwenda kunywa chai.

Zahanati ya Mtongwe haina skrubu.
Ina kiti kimoja kilicholalia kushoto,
taa ninayoipiga kofi ndipo iwake,
na benchi lililojaa tangu alfajiri:
mashavu yaliyovimba, karafuu mdomoni,
mtoto aliyezika uso katika buibui la mamake.

Daktari Mwidani kaweka kiti chake nje ya mlango.
Wiki ya kwanza alisimama ubavuni mwangu.
Ya pili, dirishani.
Sasa namsikia tu akikohoa, akifunua gazeti.

Kitabu changu kina mistari thelathini ya meno ya kung'oa.
Ishirini na tisa imejaa, ina sahihi.

Akaingia Nyamawi, mpagazi wa Kilindini,
taya kaifunga kwa kitambaa, kama maiti.
"Wewe ndiye daktari?"
Nikageuka kutazama nyuma.
Nyuma palikuwa na ukuta.
"Ndimi," nikasema, kwa sauti ya mtu mwingine.

Gego la chini, limeoza hadi kiini.
Ganzi i tayari sindanoni, koleo mkononi,
ndipo nilipouona mkanda wa presha
ungali umekunjwa juu ya kabati.
Nikampima. Tukangoja. Nikampima tena.
Mia na tisini na nane; chini, mia na kumi na sita.

Nikaweka koleo.
Lilipogonga sinia, gazeti la nje likanyamaza.

Alinitukana kwa Kidigo, nusu nikaelewa:
siku nzima ya kazi, na jino lingali lake.
Nikampa vidonge vya maumivu,
na barua ya kwenda chumba cha pili, kwa tabibu,
nikamwonyesha mlango kwa mkono
ambao sasa ndipo ulipoanza kutetemeka.

Mwidani akaja, akasoma nilichoandika.
Hakunisifu.
"Umemwambia arudi lini?"

Nikatoka mbio, glavu moja mkononi,
nikamkuta bombani, kiganja kimejaa maji.
"Jumatatu," nikamwambia, "presha ikishuka."
Akameza, akafuta kidevu.
"Jumatatu utakuwapo wewe?"

Wiki zangu sita zinaisha Ijumaa.
Mstari wa thelathini ungali mweupe.

"Saa mbili," nikajibu. "Na uje umekula."