Ufuta wa Nachingwea

Bi Kanchanben wa duka la kona, Lindi,
kwao Kathiawadi: daftari jekundu, jipya,
na ukurasa wa kwanza hauandikwi deni.
Mkamwana wake Selvi, kwao Madrasi:
alfajiri kichwa kilowe kwanza mafuta ya ufuta,
ndipo taa.
Wamebishana tangu Jumatatu.

Nikaitwa niamue, mie mpima korosho,
Mmwera, nijue nini?
Nikasema: ufuta huu ni wa Nachingwea,
nimeubeba mwenyewe, bega bado linauma.

Wakacheka.
Usiku umeme ukakatika mtaa mzima,
visahani vyao vya udongo vikabaki kuwaka barazani,
na mama yangu akapita kwenye mwanga ule
kulipa nusu kilo ya sukari
ya daftari la zamani.