Nieleze Nyumba

Muuguzi hakumgusa mtoto kwanza.
Alivuta kiti, akafungua daftari,
akasema: Nieleze nyumba.

Nyumba? Ya matofali, dada.
Nimeijenga mwenyewe, mimi fundi Likanda,
kwa korosho za misimu mitatu na mikono hii.
Newala nzima hakuna ukuta ulionyooka kama ule.
Bati la msauzi. Madirisha ya alumini,
ukiyafunga, hata panzi wa nje anakosa sauti.

Sawa, akasema. Na hewa inatokea wapi?

Nikacheka.
Akaandika kitu. Nadhani aliandika kicheko changu.

Nikamchorea nyuma ya kadi ya kliniki:
sebule, zulia la manyoya, rangi ya damu ya mzee;
mapazia mazito, mawili mawili, alivyotaka Siwema;
jiko la mkaa, limepakana na chumba cha mtoto
ili apate joto, maana asubuhi zetu huku juu
zina ukungu unaoingia mpaka kwenye sukari.
Chumba chenyewe. Kitanda.
Chini ya kitanda?

Kalamu ikasita.
Chini ya kitanda kuna mifuko saba ya salfa.
Nje ingeibwa.

Chini ya kitanda, akarudia taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji pungufu.

Tulidhani ni jicho la mtu.
Tulidhani ni baridi: Siwema akafunga dirisha,
akaongeza blanketi, akaongeza pazia,
na kifua cha Somoe kikazidi kupiga filimbi
saa nane za usiku, filimbi nyembamba,
kama ya mchunga mbuzi aliyepotea mbali.
Tulimpenda kwa kumfungia.

Niliporudi nikasogeza kabati.
Nyuma yake ukuta wangu ulionyooka
umeota kuvu, mweusi, umetambaa
kama ramani ya nchi nisiyoijua.
Plasta ilikuwa mbichi nilipopaka rangi.
Nilijua. Mwenye nyumba alikuwa na haraka,
na mwenye nyumba nilikuwa mimi.

Nikampeleka kwa mama, Binti Mchopa,
kwenye nyumba ya udongo yenye upenyo
kati ya ukuta na paa, upenyo ambao
siku niliponunua pimamaji niliuita ushamba.
Usiku wa kwanza akalala. Wa pili akalala.
Wa tatu bibi akampa mto wa sufi,
haujaanikwa tangu arobaini ya babu,
na kuni zikawashwa humohumo ndani.
Filimbi ikarudi.
Basi usinianzishie habari za zamani na sasa.
Vumbi halina upande.

Alhamisi nikachukua patasi na nyundo.
Jirani akasimama njiani: Fundi, umefungiwa nje?
Nikamjibu: Hapana. Ndani.

Nikatoa matofali mawili chini ya bati,
na mawili ukuta wa pili, yatazamane,
nikatia wavu wa mbu.
Zulia nikalipiga fimbo juani:
likatoa miaka miwili ya nyayo zetu,
ngozi zetu, mabawa ya mende, makombo ya Idi.
Siwema hakusema nami siku mbili.
Jiko likaenda uani. Salfa ikahamia banda la kuku,
kuku wakahamia kwa jirani,
na hilo bado tunalisuluhisha.

Sikudanganyi: bado anakohoa
mikorosho inapopuliziwa, mwezi wa sita, wa saba.
Shamba la watu huwezi kulitoboa dirisha.
Na ule mto amegoma kuuacha;
tumeuvika mfuko wa nailoni, unachakaa, analala nao.

Lakini jana niliamka kwa mazoea,
nikasimama mlangoni kwake gizani
kusikiliza filimbi.
Nikasikia mjusi.
Nikasikia ukungu ukidondoka kutoka batini, tone, tone.
Yeye sikumsikia kabisa.

Ikabidi niiname,
niweke kiganja mbele ya pua yake.
Joto.
Kisha baridi.
Kisha joto.