Tatu Gawanya kwa Nusu

Barua ya mkurugenzi ilifika Jumatano, muhuri umepinda:
walimu wa hisabati, darasa la tano hadi la saba,
siku tano, Kituo cha Walimu, Muheza,
gharama zote ni za serikali.
Tulisoma mstari wa posho kwanza. Siwezi kusema uongo.

Mzee Mntambo, aliyebakiza miezi minane astaafu,
alikuja na redio ndogo mfukoni na mto wa kukalia.
"Nimeshaitwa semina mara kumi na moja," akasema,
"mtaala umebadilishwa mpaka jalada limechoka,
na sita ukijumlisha na saba bado ni kumi na tatu."
Tukacheka, tukasaini, tukanywa chai ya tangawizi.

Kisha Bi Subilaga, wa kutoka chuoni Korogwe,
umri wake na wa kifungua mimba wangu haupishani,
akaandika ubaoni:

          tatu gawanya kwa nusu

Mikono juu, kama watoto. "Sita!"
"Mmepataje?"
Tukaitikia kwa pamoja, kama watu waliokariri dua
wasijue wanaomba nini:
geuza ya pili, halafu zidisha.

"Kwa nini mnageuza?"

Feni ya dari ikasikika ilivyo mbovu.
Miaka kumi na tisa nimekula mshahara wa jibu lile,
nimejengea vyumba viwili na choo cha nje,
na swali lake halikuwahi kunibishia hodi.

Hapana.
Liliwahi.
Lilikuja na sketi ya bluu iliyofumuliwa pindo mara mbili,
likaitwa Mwanakombo Singano, darasa la sita B.
"Mwalimu, kugawa si kupunguza?
Mbona hapa imezidi?"
Darasa zima likaniangalia mimi,
si yeye.
Nikamwambia ni kanuni.
Akauliza kanuni kaitunga nani.
Nikachukua fimbo.
Viboko viwili, mkono wa kushoto,
maana wa kulia ndio wa kuandikia.
Siku ile nilijiona mwenye huruma.

Bi Subilaga hakutucheka.
Alitoa kikapuni machungwa matatu, haya haya ya kwetu,
akayapanga mezani, na kisu.
"Msimtafute wa kumgawia. Ulizeni tu:
humu ndani zimo nusu ngapi?"
Akakata. Maji ya chungwa yakatambaa
hadi kwenye karatasi ya mahudhurio,
yakala herufi tatu za jina langu.
Nusu sita zikatutazama, kokwa wazi.
Zimo ngapi. Basi. Hilo tu.

Mzee Mntambo akazima redio.
"Thelathini na sita," akasema, kwa sauti ya chini,
na hakuna aliyemuuliza thelathini na sita za nini.

Jioni nilipita sokoni.
Mwanakombo ana cherehani nyuma ya duka la mbolea.
Alikuwa anakata foronya:
mita tatu za kitambaa cha maua, kila moja nusu mita.
Hakuandika popote. Hakugeuza chochote.
Mkasi ulikwenda, ukarudi, ukaenda,
na mkono wa kushoto, ule ule,
ukikibana kitambaa kisiteleze.
Nilihesabu. Unajua zilikuwa ngapi.

"Shikamoo, mwalimu. Suruali tena?"

Nilikuwa na maneno. Mazuri kabisa,
nimeyapanga tangu kituoni, yana mwanzo na mwisho.
Nikasema: "Zipu."
Akainama kutafuta zipu nyeusi kwenye kopo la maziwa.

"Mwanakombo," nikasema, "ile siku, sita B,
lile swali lako..."

Alinyanyua uso, pini mbili midomoni,
hakusema ndiyo wala hapana.
Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja
akangoja,
kama mtu ambaye hakuwahi kukaa chini
tangu alipouliza.