Kabla ya Mkasi

Posta ya Moshi, dirisha la vifurushi.
Karani amekwisha kupasua bahasha,
anamtazama mwanamke wa kwenye kasha:
gauni la hariri, bega moja limeteleza,
sigara, na jicho lisiloomba radhi.
"Mama, hizi ni za watu wazima?"
Nikamwambia, "Mwanangu, wote waliomo
wamekwisha kufa."
Akagonga muhuri.

Ya arobaini na moja hii.
Ya kwanza niliiokota Kiborloni,
chini ya rundo la makoti ya watu wa baridi,
imechubuka kama kitako cha sufuria.
Deki ikaitema. Eneo siyo, iliandika,
kana kwamba picha nayo hukata pasipoti.
Nikaenda kwa fundi Senkoro, Double Road;
akageuka ukutani na rimoti,
akabonyeza tarakimu saba nisizione,
akasema, "Sasa haibagui."

Miaka minne tu, wala haikutimia vizuri,
sinema ilipokuwa imejua kusema
na haijafunzwa bado kunyamaza.
Humo mke anamwacha mume na radi haipigi.
Mwizi anakula, anashiba, anajifuta mdomo.
Mtoto anazaliwa, hesabu ya miezi haitimii,
na hakuna anayekunja vidole.
Kitanda ni kitanda.
Halafu mkasi ukaingia kazini,
na wanawake wote wakaanza kutubu
dakika tano kabla ya taa kuwashwa.

Mkasi naujua. Ulilala kwetu, Majengo,
droo moja na vijiko.
Baba, Anaeli, mwendesha mashine ya sinema,
alipokea orodha ya wakaguzi kila Alhamisi:
busu, futi nne; paja, futi mbili na nusu.
Alikata kama anayekata kucha za mtoto mchanga,
akaunga kwa gundi,
na Jumamosi ukumbi mzima ukapiga mluzi
mahali pale midomo iliporuka
kutoka kukaribiana
hadi kuagana.
Vipande aliagizwa avichome.
Alisema amevichoma.

Matanga yalipokwisha tukafungua kopo la kakao.
Harufu ya siki. Mabusu yamejikunja
kama maranda ya seremala.
Nikayainua dirishani, moja moja;
Kibo kilikuwa wazi asubuhi hiyo,
theluji ikawa kitambaa cha sinema nyuma yao.
Wengine sikuwajua. Wengine walikuwa na masharubu
ya kuchora.

Kimoja hakikuwa busu.
Mwanamke kasimama jikoni, peke yake,
anakunywa maji kwenye glasi. Basi.
Kafunga vifungo hadi shingoni.
Kosa lake nini?
Nikadhani ni jambo alilofanya kabla,
chumba cha pili, ambako ukanda haukufika.
Nikadhani labda ni kile kiu chenyewe.
Ndipo nikaanza kuagiza,
pensheni ya kiwanda cha kahawa ikawa inayeyuka
bahasha kwa bahasha,
kila diski naivuta mbele, narudisha,
nachungulia majiko ya watu.

Jana umeme ukakatika
katikati ya chakula cha usiku cha matajiri fulani.
Mama, Ndeshukurwa, themanini na tatu,
akakishika kile kipande mbele ya tochi ya simu.
"Huyu bado unamtafuta?"
Nikasema wakaguzi lazima waliona kitu.
Akacheka mpaka shuka likamwanguka mabegani.
"Wakaguzi gani? Huyo hakukatwa, aliibwa.
Baba yako alisema
anakunywa maji kama mimi."

Sikuwa na la kujibu. Nilimtazama shingo.

Umeme ukarudi, diski ikaanza upya,
simba, ngoma, majina ya marehemu.
Mama akavuta kiti karibu na luninga,
akakunja miguu.
"Haya. Wakifika jikoni, niamshe."