Rangi za Kutafuna

Penseli za rangi ziliisha wiki ya pili ya Februari.
Ya kijani ilimalizwa na bendera, nyeusi vilevile.
Ikabaki ya kijivu,
na ukungu wa Igoma tunao wa kutosha.

Ijumaa nikaenda sokoni na kapu,
mimi, mwalimu wa la pili B, watoto sabini na wawili,
na mshahara ulioonjwa na wenye maduka kabla yangu.

Jumatatu nikauliza: manjano ni nini?
"Rangi, mwalimu!"
Nikafungua kikaratasi, wakanusa wakapiga chafya.
Kumbe manjano ni mzizi wa kutia kwenye wali,
rangi ilikuja baadaye ikaazima jina.
Kahawia ni kahawa anayokaanga bibi yake Lugano.
Zambarau,
hapa nikapitisha bakuli, matunda ya Kyela
yaliyosafiri usiku yakapondeka kidogo,
ndimi zikatolewa nje, zikashindanishwa.
Sekela akasema wake umeiva kuliko wa Tusekile.

Lugha yetu ilikula kwanza, ndipo ikapaka rangi.
Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia wafute midomo.
Wala ubaoni sikuandika vitamini,
neno hilo lina ladha ya zahanati.

Jumanne, bitiruti.
Kisu kilipopita, darasa likaruka:
"Mwalimu umejikata!"
Nikawahesabia vidole, vizima vyote kumi.
Rangi hii, nikasema, inaitwa damu ya mzee.
Basi nani atamla mzee wa watu?
Ambakisye akataka kujua ni mzee gani.
Mwenye shamba, nikajibu, hajambo, anawasalimu.
Wakacheka,
na anayecheka mdomo ameshaufungua.

Jumatano, karoti. Ambakisye akaficha mikono.
Mtoto huyu huja shule vidole vimekunjamana,
alfajiri ameosha magunia na mama yake
kwenye kijito kinachouma kama siafu.
Karoti anaijua kwa uzito, kwa bei,
kwa mlio wa lori la Dar likipanda kilima.
Akasema taratibu, kama anayenionea huruma:
"Hizi ni za soko, mwalimu. Haziliwi."

Nikatazama dirishani.
Matuta ya kijani mpaka chini ya mlima,
katikati yake nyumba,
na moshi wa ugali na chumvi.

Kalamu yangu nyekundu haikuwa na pa kusahihisha.
Nikaivunja karoti, ta!
nusu yake, nusu yangu,
nikatafuna kwa kelele, bila adabu ya ualimu.
Akanusa. Akalamba.
Akamega kipande kama punje ya hindi,
akafumba macho kama anayekokotoa.
"Tamu," akasema.
Kisha kwa hasira:
"Ilikuwa tamu tangu zamani?"

Wiki iliyofuata mama yake akaja,
buti za mpira zimejaa tope, uso umekaza.
"Mwalimu, umemfundisha nini mwanangu?
Akiosha tatu, moja haifiki guniani."
Nikaanza kuomba radhi, bei naijua, madeni nayajua.
Akanikatiza kwa kufungua kanga:
zilizovunjika, zenye miguu miwili, zenye pua,
zile ambazo lori huzikataa.
"Hizi nilikuwa nampa nguruwe.
Gawia watoto."

Akageuka, akasita mlangoni.
"Yule nguruwe," akasema, "ametufaidi miaka minne."
Na alipocheka nikaona, katikati ya meno,
kijipande cha rangi ya chungwa.